Jumatano za Maumivu ya Meno

Kwa mujibu wa daftari la Meneja, hapakuwa na mahali duniani penye meno mabovu kama kiwanda kile cha peremende. Wanawake kumi na wanne walifanya kazi pale, na kila Jumatano asubuhi mmoja au wawili walikuja wameshika shavu, jicho moja limefumbwa, sauti imelegea kama ya mtu anayeongea na uji wa moto mdomoni.

"Meneja, jino."

Meneja alikuwa mtu wa huruma nyingi na ujasiri kidogo. Aliandika: jino, chini kulia, ruhusa hadi saa nane. Mgonjwa akajikokota hadi getini, akalipita geti, akapinda kona. Hapo ndipo mkono uliposhuka shavuni na mwendo ukawa wa mtu anayewahi basi.

Ukweli ni kwamba hakuna jino lililokuwa likiuma. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na kilikuwa na milango mitano. Mlango wa kwanza, daktari wa meno. Mlango wa nne, uzazi wa mpango, Jumatano tu, mwisho saa saba mchana. Wanawake wa peremende waliupita mlango wa kwanza bila hata kuusalimia.

Aliyebuni uongo huo alikuwa mfungashaji mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Kiwanda cha peremende jamani," alisema siku ile, "nani atabisha mtu akisema jino linamuuma? Tukisema mgongo, tutaulizwa. Tukisema tumbo, ndiyo kabisa, tutapongezwa!"

Na kwa nini wasiseme kweli? Ehe, sikiliza. Mume wa Redio alikuwa amesikia kwa kinyozi kwamba dawa zile humnenepesha mwanamke mpaka mlangoni apite kwa ubavu. Mama wa Mizani, yule aliyepima sukari, aliambiwa na wifi yake kuwa kijiti kinachowekwa mkononi husafiri, kikaenda kutokeza gotini. Mwingine hakuogopa mume wala kijiti, aliogopa ulimi wa nesi. Na wote kwa pamoja walimwogopa Meneja. Si kwamba alikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama huyo na mama mkwe wa Mama Pacha walisukana nywele kila Jumamosi, kwa hiyo ukimwambia Meneja jambo Jumatano, Jumamosi lilikuwa limeshafika kwenye kichana.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakuwajua wanawake hawa, waliokuwa wakificha, na kutozaa ndiyo ilikuwa shabaha yenyewe.

Sasa tumwendee huyo Mama Pacha, maana mkasa ni wake.

Mama Pacha alikuwa na pua. Wote tuna pua, ndiyo, lakini yake ilikuwa pua ya sukari. Peremende huanzia kwenye sufuria kubwa: sukari, maji, glukosi, moto. Inachemka, inapanda povu, inageuka rangi. Ukiitoa mapema, peremende zitanata kama gundi. Ukichelewa pumzi mbili tu, zitakuwa chungu. Wengine walidondoshea tone kwenye maji baridi ili kujua. Mama Pacha alinusa, akasema, "Toa," na ikawa sawasawa. Kabla hata hajafikisha miaka ishirini na mitano alikuwa tayari kwenye sufuria.

Ila pua hiyo ilikuwa na kasoro moja. Akibeba mimba tu, inaasi. Mimba ya kwanza alitapika kila sufuria. Mimba ya pili, ambayo kumbe ilikuwa ya pacha, alitapika mara mbili kwa kila sufuria, kama vile kila mtoto alikuwa na zamu yake. Wakamhamishia kufungasha. Akakaa huko miaka minne akisokota karatasi, akisikia kwa mbali wengine wakiunguza sukari, na moyo ukimuuma kuliko jino lolote.

Sasa mpishi mkuu alikuwa anastaafu, na Meneja alikuwa amesema: "Jumatatu sufuria ni yako, Mama Pacha. Ila safari hii ukae, tafadhali. Siwezi kubadilisha mpishi kila mwaka."

Kwa hiyo Mama Pacha hakutaka mimba. Si mwaka huu, na mwaka ujao pia aulizwe kwanza. Lakini nyumbani alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na wajukuu watatu wa kiume na hamu ya mjukuu mmoja wa kike wa kumpa jina lake. "Wajina wangu yuko wapi?" aliuliza kila asubuhi, akiangalia tumbo la mkwewe kama mtu anayechungulia kisanduku cha barua. Na mume wake, Baba Pacha, mwanamume mpole aliyesambaza katoni madukani kwa baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, kila alipogusiwa jambo hilo alikuwa na jibu moja: "Tutazungumza, mke wangu." Kisha akageukia ukutani na kukoroma.

Basi Mama Pacha akaenda mlango wa nne akachomwa sindano. Miezi mitatu ikapita, akachomwa nyingine. Zikafika nne. Kila mara alirudi nyumbani ameshika shavu, na kila mara Baba Pacha alimpikia uji mlaini, na nyama akaila yeye kwa niaba yake, kwa huzuni kubwa.

Sindano ya tano ilikuwa imechelewa. Wiki moja kwa sababu ya oda kubwa ya shule, wiki ya pili kwa sababu pacha walipata homa. Nesi alikuwa ameandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: usivuke Jumatano hii. Jumatano hiyo asubuhi Mama Pacha alifika kiwandani mapema, mkono shavuni, jicho limefumbwa barabara.

Alipolifumbua, alimwona daktari wa meno.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kufungashia, kijana mwembamba mwenye koti jeupe, akipanga vyuma vyake juu ya meza ya karatasi. Kiti kilikuwa tayari, kimeegemezwa gunia la sukari ili mgonjwa alaze kichwa.

"Njoo, njoo, mama," Meneja alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa machozi. "Nimeshindwa kulala. Wanawake kumi na wanne, na kila wiki jino! Ni mimi nimewaharibia meno. Mteja mmoja ameniuliza, kama wafungashaji wenyewe wanaoza meno, watoto wetu je? Nikasema basi. Leo hatoki mtu, geti nimelifunga. Daktari amewafuata. Na atakayeng'olewa asihofu, nimeagiza ndugu zenu waje kuwachukua wawapeleke nyumbani."

Mama Pacha akahisi jino likimuuma kweli.

"Redio," alinong'ona, "nifanyeje? Leo ndiyo mwisho."

"Tulia, dada. Naanza mimi. Nikimaliza na huyu kijana hatakuwa na hamu ya mdomo wa mtu tena."

Redio akakaa kwenye kiti, akaachama. Daktari akachungulia, akagonga huku, akagonga kule.

"Linalouma lipi, mama?"

"Linahama."

"Linahama?"

"Leo liko huku. Jana lilikuwa kule. Jumapili sikuliona kabisa."

Daktari akamtazama, akatazama taa, akaandika kitu. "Meno yako ni mazima."

"Asante, nimerithi kwa bibi."

Akaja Mama wa Mizani. Mazima. Akaja yule mwoga wa ulimi wa nesi. Mazima, tena meupe. Wa nne, wa tano, wa sita. Daktari alianza kutoa jasho. Meneja alianza kutabasamu kama mtu anayeshuhudia muujiza. Saa ya ukutani ilifika saa tano, ikapita, na Mama Pacha akawa anaikodolea macho kana kwamba ndiyo inayomdai sindano.

Ikawa zamu yake. Akaketi, kichwa kikazama kwenye gunia.

"Huyu ndiye mbaya zaidi," Meneja alisema kwa uchungu, akifungua daftari. "Mara nne. Ameng'olewa matatu. Chini kulia, chini kushoto, juu kulia."

Na kweli aliandika hivyo. Kila Mama Pacha aliporudi, Meneja alimuuliza, "Limeng'olewa?" na yeye, kwa kumhurumia, akaitikia kwa kichwa.

Daktari alihesabu. Akahesabu tena kwa kidole. "Thelathini na mawili," alisema.

"Haiwezekani."

"Yote yapo, Meneja."

"Yameota tena?" Meneja aliuliza, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Kwa mtu mzima?"

Mama Pacha akafikiri upesi. Meno thelathini na mawili ni mengi. Moja likitoka, nani atalikumbuka? Akanyoosha kidole kwenye gego la nyuma. "Hili, daktari. Linaniua. Ng'oa hili niende."

Daktari akachukua koleo. Ni koleo lile lililomrudishia Mama Pacha akili: aking'olewa, atachukuliwa na ndugu apelekwe nyumbani. Atakuwa amepoteza jino na sindano vyote viwili. Akafumba mdomo kwa kishindo, almanusura ang'ate kidole cha serikali.

Na hapo hapo ndugu mwenyewe akaingia. Baba Pacha, jasho linamtiririka, mkono mmoja kitambaa cha kufungia taya alichopewa na mama yake, mkono mwingine bakuli la uji limefunikwa sahani.

"Mke wangu! Tayari? Limetoka? Ni la ngapi sasa?"

"Hajawahi kutoa hata moja," daktari alisema. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema kweli. "Tena nimekuwa nikijiuliza tangu asubuhi. Mimi niko pale kituoni, mlango wa kwanza, kila Jumatano kwa miaka miwili. Hawa wanawake sijawahi kumtibu hata mmoja."

Uji ukatulia kwenye bakuli.

Baba Pacha akamtazama mkewe. Uso wake mpole ulikuwa umeanza kukunjamana polepole, kama karatasi ya peremende. "Kila miezi mitatu," alisema, "unaondoka kazini. Unaniambia jino. Nakupikia uji. Kumbe unakwenda kwa nani?"

"Hee!" Redio akaruka. "Shemeji, hawara gani wa kila miezi mitatu? Ni mavuno?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Kisha wa pili. Lakini Baba Pacha hakucheka, na Mama Pacha aliona kwamba sasa pamebaki neno moja tu la kusema, na saa ya ukutani ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano.

"Nakwenda mlango wa nne," alisema.

"Mlango wa nne kuna nini?"

"Uzazi wa mpango. Nachomwa sindano nisishike mimba. Na leo ndiyo siku ya mwisho, na saa saba wanafunga, na Jumatatu nakabidhiwa sufuria, na nikishika mimba nitaitapikia hiyo sufuria mpaka waninyang'anye tena. Haya. Nimesema. Hakuna jino."

Daftari likamwanguka Meneja. "Kwa hiyo… wote?"

Mikono ikapanda mmoja mmoja. Ilikuwa kumi na miwili. Mmoja ulikuwa wa mfagiaji mwenye miaka sitini na tano.

"Hata wewe, bibi?"

"Mimi nilikuwa nawasindikiza," bibi alijibu. "Nilipenda matembezi."

Hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Wanawake walishikana mabega, Mama wa Mizani akakaa chini sakafuni, na daktari wa meno akacheka mpaka akaweka koleo mezani. Aliyebaki amesimama na bakuli lake ni Baba Pacha peke yake.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuambia. Mara nne. Ulisema tutazungumza."

"Nilidhani kweli tutazungumza!"

"Saa ngapi, Baba Pacha? Unakoroma kabla mimi sijafunga mdomo."

Akafungua mdomo ajitetee, akaikumbuka ndoo. Wakati wa mimba ya pacha ni yeye aliyekuwa akibeba ile ndoo ya matapishi, asubuhi na jioni, miezi mitano. Alikumbuka pia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba zamani, mkewe alipokuwa kwenye sufuria, alirudi nyumbani nywele zinanukia sukari iliyoiva, naye alikuwa akipita nyuma yake jikoni makusudi ili ainuse. Tangu ahamishiwe kufungasha, zilinukia karatasi.

"Na Mama je?" aliuliza. Lakini aliuliza huku akilitua bakuli la uji mikononi mwa Meneja.

"Mama tutamfikia. Saa haitatungoja."

"Kwa miguu hufiki," Baba Pacha alisema. "Panda."

Meneja akakimbia kufungua geti mwenyewe, uji mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. "Naandika ruhusa ya… ya…"

"Ya mlango wa nne, Meneja," Redio alisema akipanda juu ya katoni tupu. "Andika tu, kalamu haitapata mimba."

Mama wa Mizani naye akapanda, maana kadi yake ilisema leo pia. Daktari wa meno akapanda na sanduku lake, kwa sababu mlango wa kwanza ulikuwa na wagonjwa wa kweli. Baba Pacha alikanyaga pedali, magurudumu matatu yakalia kwa pamoja, na msafara ukatoka: wanawake watatu, daktari mmoja, katoni tisa, na mwanamume mmoja mbele aliyeinamia usukani kama anayegombea kombe.

Kwenye mlima walishuka wakasukuma. Kwenye mteremko hakuna aliyeshuka, na wangependa. Breki ilikuwa moja na ilikuwa na hiari yake. Daktari alifumba macho, Mama wa Mizani alimshika shingo, Redio alipiga kelele, "Pisha! Tuna haraka ya kutozaa!" na watu wakapisha kweli, wengine hadi mitaroni. Mama Pacha alijikuta anacheka mpaka machozi yanampeperukia masikioni.

Saa saba kasoro robo. Nesi wa mlango wa nne alikuwa ameshatundika mkoba begani.

"Wa peremende?" alisema akimwangalia Mama Pacha juu ya miwani. "Nilijua utakuja, ila sikujua utaleta maandamano. Sindano zimekwisha tangu asubuhi."

Mama Pacha akamtazama kama aliyefika msibani.

"Usinitazame hivyo, sijafa. Vidonge vipo, ila mwenyewe uliniambia utavisahau. Vijiti vipo. Cha miaka mitatu. Lakini umechelewa, kwa hiyo kwanza nenda na hiki kikopo, tuhakikishe hujabeba mtu tayari."

Dakika tatu zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka minne ya kufungasha. Kile kipimo kililala mezani. Mama Pacha hakuweza kukitazama, akatazama ukuta. Baba Pacha alikitazama kwa niaba ya wote wawili, kama alivyokuwa akila nyama.

"Mstari mmoja," nesi alisema. "Huna kitu. Haya, kijiti au urudi wiki ijayo?"

"Si husafiri?" Baba Pacha aliropoka. "Nasikia hutokeza gotini."

"Kisafiri kwenda kufanya nini? Kina shangazi gotini?" Nesi akamwonyesha kijiti chenyewe, laini, hakizidi njiti ya kiberiti kwa unene. "Kinakaa chini ya ngozi hapo hapo. Damu ya mwezi inaweza kuvurugika, mara ije kidogo, mara isije, nakwambia mapema usije ukasema nilificha. Ukikichoka kabla ya miaka mitatu, njoo nikitoe."

Baba Pacha alikuwa anahesabu vidole. "Miaka mitatu… Mama atakuwa na sabini na mmoja."

"Atakuwa na sabini na mmoja hata nikizaa," Mama Pacha alisema.

Baba Pacha alifikiria hilo, akaona halina kasoro. "Nasaini wapi?" aliuliza.

"Wewe?" Nesi alicheka. "Anayesaini ni mwenye mkono."

Mama Pacha akakunja mkono wa blauzi. Alisaini, akachomwa ganzi, akasikia kama mtu anamsukuma kidogo kwa kidole, na kabla Redio hajamaliza kusimulia tangu mwanzo mambo ambayo wote walikuwepo yakitokea, nesi alikuwa anafunga bandeji. Kisha akawashughulikia wale wengine wawili, akiguna, akitania, bila kumsema mtu vibaya hata mara moja. Mlinzi alipokuja kufunga, saa saba na dakika ishirini, alifukuzwa kwa jicho.

Nje jua lilikuwa kali. Baba Pacha alisimama kando ya baiskeli yake akipangusa shingo kwa kile kitambaa cha kufungia taya.

"Sasa," alisema, "nani atamwambia Mama?"

"Jumamosi atasikia kwa wenzake akisukwa."

"Akisikia kwa wenzake ataniua."

"Basi mwambie leo."

"Mimi?"

"Mama ni wako. Mkono ni wangu, nimeshautoa. Na saa nane kuna sufuria ya majaribio, lazima niwe pale kabla haijapanda povu."

Baba Pacha alimtazama, labda akitafuta neno lake la zamani, lile la kusogeza mambo mbele. Hakulisema. Akapanda, akashika usukani.

"Mama, kaa kwanza," alijaribu, akiongea na barabara. Akakanyaga pedali mara moja. "Hapana. Mama, umekula? Mama, kula kwanza, halafu ukae."

Baiskeli ya mizigo haijawahi kwenda polepole namna ile. Mbwa aliyelala kivulini aliinuka, akaipita, akageuka kuitazama.

"Mama, wajukuu ni neema," sauti iliendelea kufifia, "tena watatu…"

Redio na Mama wa Mizani walikuwa wameshikana, hawawezi hata kusimama kwa kicheko. Mama Pacha aliwavuta kwa mkono wake wa kulia, ule usio na bandeji, akaelekea upande wa pili, kiwandani. Alianza kwa kutembea. Walipofika kona ya kiwanda upepo ukaleta harufu ya sukari ikianza kuchemka, akaivuta kwa pua yote, tumbo likatulia tuli, na hapo akaanza kukimbia.